Mikono ya Mwanamke Katika Picha

Iko picha iliyochorwa mwaka 1893 na Mary Cassatt, mwanamke wa Marekani aliyeishi Ufaransa. Leo imehifadhiwa Chicago. Mwanamke mwenye vazi la milia amempakata mtoto. Mkono mmoja umemzunguka kiunoni, wa pili unamwosha mguu katika beseni. Wote wawili wameinamia maji. Hapana anayecheka wala anayelia.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu nakala yake hapa Milimani, Nakuru, nikawauliza mama yule ana hali gani moyoni. Wengi walijibu upesi kwamba ana huzuni, kwa kuwa hatabasamu. Lakini mtu aliyezama katika kazi yake hutabasamu lini? Fundi wa saa hatabasamu. Itazame mikono, msomaji. Ule ulio kiunoni haukubana wala haukulegea, na mtoto ameegemeza wake juu ya goti la mwanamke bila hofu yoyote. Mapenzi, kama yamo, yamo hapo.

Ndipo msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, tumejuaje kuwa ni mama yake?" Darasa likacheka, yeye hakucheka. Mama yake ni yaya. Kila asubuhi hupanda Milimani kuwaogesha watoto wa watu, na mdogo wake msichana huyo humngoja hadi jioni.

Niliona haya kidogo, maana jina la picha lataja kuogeshwa kwa mtoto tu. Mama nilimtia mimi. Na Cassatt mwenyewe hakuzaa. Kinyume chake ni Rosemary Karuga wa Kenya, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, mwaka 1950 hadi 1952. Alifundisha, akaolewa, akalea, na miaka mingi ikapita kabla hajairudia sanaa. Naye alibandika vipande vya karatasi za kufungia sabuni na unga, kwa kuwa rangi zilikuwa ghali. Aliyezaa alikosa nafasi ya kuchora, na asiyezaa aliwachora akina mama kwa miaka mingi. Sithubutu kusema kwamba huyu wa pili alichora uongo.

Lakini mikono ikiwa ya mshahara, je, na mapenzi nayo ni ya mshahara? Nilimwuliza msichana yule kama mikono ya mama yake arudipo nyumbani ni ile ile ya asubuhi. Alifikiri, akasema kwamba jioni huwa imechoka, ila maji bado huyapima kwa kiwiko.