Fizikia Kabla ya Hesabu
Fizikia ya dhana hutanguliza maana, hesabu ikafuata. Paul Hewitt, mwalimu wa chuo huko San Francisco, aliitolea kitabu mwaka 1971; leo mwanafunzi wa sekondari huisoma pia kwenye intaneti. Msaada mkubwa huko pengine si video, bali majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, tena bila malipo. Katika jaribio mojawapo, mwanafunzi huondoa msuguano, husukuma kasha, kisha huliacha: halisimami, huendelea kwa kasi ileile. Wengi hubashiri vingine, na kubashiri kwanza ndiko kunakofundisha. Msuguano ukirudishwa, kasha hupunguza mwendo hadi kusimama. Kinacholisimamisha ni kani ya msuguano, si kukosa msukumo.