Tawi Linaloitwa Okoa

Risiti ilipigwa picha ikiwa imelazwa juu ya kanga, ikaingia kwenye WhatsApp ya ofisi Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Mama mmoja, mwanachama wa SACCOS tuliyoitengenezea mfumo wa mikopo, alikuwa amekopa shilingi 1,200,000 za kurejesha kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, riba inayopungua. Mwezi wa kwanza alitozwa riba ya 18,000, sawasawa kabisa. Mwezi wa pili deni lilishabaki 1,100,000, kwa hiyo riba ilitakiwa kuwa 16,500. Risiti ikasema 18,000 tena. Chini ya picha katibu wa SACCOS aliandika maneno matatu tu: "Hii imekaaje vijana?"

Tofauti ni 1,500, hela ya chai na chapati. Lakini mfumo ungeachwa uendelee hivyo mpaka mwezi wa 12, mama yule angelipa riba ya 216,000 badala ya 117,000. Na kesho yake, Jumamosi saa nne asubuhi, SACCOS ilikuwa na mkutano mkuu. Tayari nilikuwa namwona akilini katibu amesimama mbele ya wanachama, risiti mkononi.

Ofisini tulikuwa watatu. Dada aliyekuwa akisimamia seva, mimi niliyejiita msimamizi wa msimbo, na dogo mmoja aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo akawa hodari kuliko ilivyotarajiwa. Siku hiyo dogo hakuwepo. Alhamisi jioni alipushi kazi yake yote ya siku 11, uchapaji wa risiti na ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa, kisha akapeleka laptopu kwa fundi Kariakoo ibadilishwe diski, naye akapanda basi kwenda Morogoro. Ijumaa asubuhi niliivuta kazi hiyo kwenye mashine yangu. Kumbuka hapo, maana ndipo kisa kilipo.

Akilini nilikuwa na dawa moja: turudi nyuma. Nilikuwa na uhakika kwamba wiki mbili kabla riba ilikuwa inapigwa vizuri. Uhakika huo niliutoa wapi sijui, sikuupima. Nikatafuta komiti ya wiki mbili nyuma, nikaandika `git reset --hard` na namba yake, faili zote zikarudi zilivyokuwa siku ile. Nilipotaka kupushi, seva ya repo, ghala letu la pamoja la msimbo, ikakataa: tawi lako liko nyuma ya langu. Huo ulikuwa ulinzi, ila mimi niliuona ukaidi. Nikaongeza `--force`. Ikakubali.

Kwa wasioishi na Git: ichukulie kama daftari ambalo kila komiti ni ukurasa uliopigwa muhuri. Muhuri huo ni namba ya herufi na tarakimu 40 inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, pamoja na muhuri wa ukurasa uliotangulia, hivyo huwezi kuchomoa ukurasa wa katikati bila namba zote zinazofuata kubadilika. Tawi, hata lile tunaloliita kuu kwa heshima zote, ni kibandiko tu kilichogandishwa kwenye ukurasa wa mwisho. Ukifanya kama nilivyofanya, kurasa hazichanwi. Kibandiko kimehamishiwa ukurasa wa nyuma, na zile za mbele zimebaki bila jina, lakini zipo. Linus Torvalds, aliyeianza Git Aprili 2005 baada ya wasanidi wa Linux kupoteza haki ya kutumia bure programu ya BitKeeper, alijenga kitu kisichopenda kupoteza. Kinachopotea kweli ni kile ambacho hukukikomiti. Nilikuwa na kazi ya saa mbili ya asubuhi ile, sijaikomiti. `--hard` ikaifagia, na hiyo haijarudi mpaka leo.

Basi nikaingia kwenye seva ya mfumo na kuvuta. Ikanijibu kwamba haina jipya la kuchukua. Nikajaribu mkopo wa mfano: mwezi wa pili, 18,000.

Leo naelewa sababu. Seva ilikuwa na kurasa zote mpaka za Alhamisi, nami nimeipelekea tawi linaloishia wiki mbili nyuma. Kwa Git, anayeomba kuunganisha cha zamani ambacho tayari unacho hakuletei kitu. Lakini wakati ule nilidhani nakala yangu ndiyo imechafuka, nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya tukichoka kufikiri, nawe msomaji huenda umekifanya: futa folda, kloni upya. `rm -rf`, Enter. Repo mpya ikashuka safi, inang'aa. Seva bado 18,000.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikarudi kwenye seva, nikaandika amri ileile ya kufuta, safari hii kwa folda ya seva, ili nikloni upya na huko. Kidole kilikuwa juu ya Enter dada alipopita na kikombe chake cha chai.

"We! Toa mkono hapo."

Nikautoa. Akaweka kikombe mezani, akasoma skrini kuanzia juu kama anayesoma barua ya msiba.

"Mdogo wangu, kazi ya dogo iko wapi?"

Nikafungua folda mpya kumwonyesha. Faili ya kuchapa risiti haikuwemo. Nikatazama repo ya mbali: haikuwemo. Ya dogo iko kwa fundi, diski imeshang'olewa. Ya kwangu nilikuwa nimeifuta dakika saba zilizopita, na ndani yake kulikuwa na reflog, kumbukumbu ya kila mahali kibandiko kilipowahi kusimama. Kwa kawaida Git huiweka siku 90, na kwa kurasa zilizokosa tawi siku 30. Kabla ya kufuta folda, amri moja ya `git reflog` ingenionyesha ukurasa wa asubuhi ile na muhuri wake, ningerudisha kila kitu katika dakika moja. Watu husema reset iliwaangamiza. Kwangu mimi reset ilinijeruhi tu; kilichoniua ni usafi, ile tamaa ya kuanza na folda mpya isiyo na aibu.

Ilibaki nakala moja tu ya kazi ya zile siku 11, nayo ilikuwa kwenye folda ya seva niliyotaka kuifuta.

Dada hakuniruhusu kugusa kibodi. Kwanza aliinakili folda nzima ya seva, pamoja na `.git` yake iliyojificha, akaiweka mahali pengine. Ndipo akaandika `git branch okoa`, akakibandika kibandiko kipya pale pale seva ilipokuwa imesimama, akalipushi tawi hilo. Kisha akapushi tawi kuu, bila `--force`. Ikakubali bila neno, kwa kuwa safari hii alikuwa anasogeza kibandiko mbele kwa njia iliyonyooka. Yote hayo hayakuchukua hata muda wa chai kupoa, ingawa aliinywa bila kunitazama.

Hapa huwa naulizwa kuhusu `--force-with-lease`, ile amri ya kistaarabu inayokataa kupushi iwapo repo ya mbali imesogea tangu uitazame mara ya mwisho. Ni nzuri, itumie. Lakini isingeniokoa mimi: nilikuwa nimevuta kazi ya dogo asubuhi, kwa hiyo ingeona kwamba najua kilichopo na kunipisha. Ambacho kingenizuia ni tawi kuu kufungwa kwenye seva ya repo lisikubali kusukumwa kwa nguvu na mtu yeyote, bosi akiwemo. Ni mpangilio wa dakika mbili, na sisi tulikuwa hatujauweka. Novemba 2013 msanidi mmoja wa mradi wa Jenkins alisukuma kwa nguvu, kwa bahati mbaya, repo zaidi ya 150 kwa mkupuo. Zilirejeshwa, kwa sababu ileile: kurasa zilikuwa bado zipo mahali fulani.

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na riba bado mbovu.

"Sasa tuitafute hitilafu kama watu," dada alisema. Kati ya toleo tulilokabidhi, ambalo tulikuwa na karatasi zake za majaribio zilizosainiwa na katibu, na hali ya Alhamisi, kulikuwa na komiti 240 hivi. `git bisect` inafanya kazi kama mtu anayetafuta jina kwenye daftari la mahudhurio lililopangwa kialfabeti: fungua katikati, jua uende upande gani, gawa tena. Komiti 240 ni majaribio manane. Tulichukua mkopo wa yule mama, ileile 1,200,000, tukawa tunaangalia mwezi wa pili. 18,000, mbovu. 16,500, nzima. 16,500, nzima. 18,000, mbovu. Mimi nasoma namba, yeye anaandika hukumu.

La nane lilitua kwenye komiti ya wiki tano nyuma. Wiki tano, si mbili. Pale nilipourudisha msimbo kwa mabavu hitilafu ilikuwa imeshaingia zamani. Hata kama seva ingenitii, mama angepata 18,000 vilevile. Haikuonekana mapema kwa sababu mwezi wa kwanza riba bapa, ile inayopigwa kwenye mkopo mzima kila mwezi, na riba inayopungua hutoa jibu moja, na hakuna aliyejaribu mwezi wa pili.

Jina la mwenye komiti lilikuwa langu. Ujumbe wake: "marekebisho". Ndani yake faili 37 zilizopangwa upya nafasi na mabano, na katikati ya fagio hilo, mstari mmoja. Kabla ulisema `riba = salio * kiwango`. Baada yake, `riba = mkopo * kiwango`. Nilikuwa nabadilisha majina ili yafanane, nikabadilisha na hesabu.

Dada alijaribu `git revert`, ambayo huandika ukurasa mpya wa kutengua ule wa zamani bila kugusa historia. Ikagongana na kazi ya wiki tano kwenye faili karibu zote, kwa kuwa mabano na riba vilikuwa vimefungwa kwenye kifurushi kimoja. Ingekuwa komiti ya mstari mmoja ingetenguka kwa sekunde. Ikabidi nirekebishe kwa mkono: neno moja, jaribio moja la mwezi wa pili, na ujumbe unaosema hasa nilichofanya. Saa mbili kasoro usiku seva ikasema 16,500.

Katibu aliingia mkutanoni na risiti mpya. Mama akarejeshewa 1,500 yake, akauliza swali ambalo sisi wasomi hatukuwa tumejiuliza: "Na wenzangu?" Mchana mzima wa Jumamosi ukaenda kwa wenzake.

Jumatatu dogo aliingia na laptopu yake, diski mpya, kisanduku kimoja cha zawadi mkononi kwa ajili yetu. Akakloni repo, akatazama orodha ya matawi.

"Kaka, hili 'okoa' ni la nini?"

Dada akakohoa kidogo, akaendelea na kazi yake.

"Vuta kiti," nikamwambia.