Hadithi za Majini na Hadithi za Mapenzi

Waamuzi 9:7–15; 2 Timotheo 4:3–4



Masomo yetu ya mwezi huu ni mawili, nayo yaonekana kama yapingana. Katika waraka wake wa pili Paulo amwonya Timotheo juu ya watu watakaochoshwa na kweli, wakaziandama hadithi zilizobuniwa. Lakini katika kitabu cha Waamuzi Yothamu asimama juu ya mlima Gerizimu, awaita watu wa Shekemu kwa sauti kuu, na neno alilo nalo ni hadithi ya kubuni: miti ilitoka kujitafutia mfalme, ikasema na mzeituni, na mtini, na mzabibu, hata ikafika kwa mti wa miiba. Tangu lini mti ukanena? Nisingaliyaweka masomo haya pamoja kama nisingalishurutishwa na jambo lililotokea katika usharika wetu hapa Lindi. Nami nitawaeleza, ijapokuwa si jambo la kunipa sifa.

Mzee mmoja wa kanisa alinijia jioni, amechukua kitabu kilichofungwa katika gazeti, kama mtu achukuaye samaki aliyeoza. Alikikuta juu ya benchi baada ya mafundisho ya watoto, nacho ni cha binti mmoja afundishaye Shule ya Jumapili. Ndani yake, alisema, mna majini, na wanadamu waliogeuzwa manyani. Tena binti huyo husoma hadithi za mapenzi katika simu, hata kwaya inapopumzika. Mzee akanisomea onyo la Paulo, akataka baraza la wazee limwondoe binti katika kazi ya kufundisha. Nami nalikubali papo hapo. Jumapili iliyofuata nalihubiri kwa ukali juu ya vitabu vya kubuni, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Binti alikuwa ameketi safu ya tatu.

Siku ya Jumanne akaja ofisini, akaniamkia, “Shikamoo, Baba Mchungaji,” nikamwitikia. Hakulia wala hakushindana nami. Aliniuliza neno moja tu: “Baba, umekisoma?”

Sikuwa nimekisoma. Nalikuwa nimekihukumu kitabu nisichokifungua, na pamoja nacho nalimhukumu mtu niliyembatiza mwenyewe. Nikamwambia arudi baada ya majuma mawili.

Kitabu chenyewe ni *Adili na Nduguze*, alichokitunga Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kilitolewa mwaka 1952. Adili ni liwali aliyefuga manyani wawili, na kila usiku huwachapa kwa mjeledi, tena kwa huzuni kuu, maana ameamriwa kufanya hivyo naye hawezi kuasi. Mfalme wake apata habari, amwuliza sababu. Ndipo ajuapo kwamba manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Adili aliwatendea mema mara nyingi, nao kwa kijicho wakamtupa baharini. Jini mmoja ambaye Adili alikuwa amemwokoa akawageuza wakawa wanyama. Mwisho mfalme awaombea, nao warudishiwa utu wao.

Ndugu zangu, nalikisoma usiku, na nilipofika pale pa mjeledi nalikiweka chini. Mimi pia ninaye ndugu. Tuligombana juu ya minazi ya marehemu baba yetu, na ni miaka mingi sasa namchapa moyoni mwangu kila usiku, wala hakuna jini aliyeniamuru.

Binti aliporudi, nalimwomba anieleze maoni yake juu ya vitabu asomavyo, naye akanieleza kwa utulivu kuliko nilivyohubiri. Alisema: “Baba, hadithi ya majini hainidanganyi. Tangu ukurasa wa kwanza yaniambia kwamba ni hadithi. Sitazamii kukutana na jini njiani nikienda Mitwero. Lakini wivu wa ndugu naujua, na kusamehe nakujua kuwa ni kazi ngumu. Hayo ndiyo niliyoyatoa mle.”

Kisha akasema juu ya hadithi za mapenzi, na hapa nalitega masikio. Husoma nyingi, vitabu vidogo vipitavyo mkono kwa mkono, na nyingine katika simu, zikatwazo vipande vipande, na kila kipande chakomea pale ambapo moyo unadunda, ili msomaji alipe apate kinachofuata. Katika hizo hamna jini wala nyani. Mna basi, na ofisi, na hospitali, na arusi. Yote yaweza kutokea kesho. “Lakini hizo, Baba, ndizo zisemazo uongo,” alisema. Mwanamume mwenye wivu, akamataye mkono wa mpenzi wake hata ukaumia, huambiwa kuwa apenda sana. Msichana avumilia, alia, angoja, na kwa machozi yake yule mtu ageuka kuwa mpole katika sura ya mwisho. Alikuwa na rafiki aliyeolewa kwa imani hiyo. Angojea sura ya mwisho hata leo.

Nikamwuliza, kwa nini basi wazisoma? Akacheka. Alisema kwamba baada ya kazi ya kutwa, chakula kimekwisha kupikwa na nyumba imetulia, ni vizuri kukaa mahali ambapo mtu apendwa, hata kama ni katika karatasi. Sikukubaliana naye kabisa. Mithali sura ya 25 yatuonya hata juu ya asali, kwamba azidishaye kuila huitapika, na mtu alaye utamu kila usiku atauona mkate wa nyumbani kwake kuwa mkavu. Nalimwambia hivyo. Akasema atalifikiri, nami nalimwamini.

Sasa turudi kwa Paulo. Wale aliowaogopa hawakuwa watu waketio jioni wakisimuliana habari za sungura na fisi. Ni waalimu, watu wachukuao maneno ya kubuni na kuyauza kama kweli ya Mungu, kwa sababu wasikilizaji wayapenda masikioni. Yothamu hakufanya hivyo. Abimeleki alikuwa ameua ndugu zake sabini, mji mzima ukamfanya mfalme, na hakuna aliyethubutu kusema. Kijana aliyeponyoka aliwapa hadithi ya miti, na hakuna mtu wa Shekemu aliyefikiri kwamba mzeituni ulinena kweli. Lakini kila mmoja alimjua mti wa miiba ni nani. Vivyo hivyo nabii Nathani alipomwendea Daudi na habari za maskini na mwana-kondoo wake, mfalme aliyeificha dhambi yake aliihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Uongo wa kitabu, basi, tusiutafute katika nyani asemaye. Tuutafute katika neno ambalo kitabu chamwahidi msomaji juu ya moyo wa mwanadamu.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na wageni. Masimulizi ya kale ya Kilwa yasema kwamba Mshirazi alikinunua kile kisiwa kwa nguo za kukizunguka pande zote. Hakuna aliyezipima nguo zile, wala hakuna mzee anayesimulia ili zipimwe. Tena misheni zilizotuletea Biblia zilituletea pia *Safari ya Msafiri* ya John Bunyan, iliyotolewa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1678, nayo ina jitu lenye ngome na simba kando ya njia. Sijasikia mzee wa kanisa aliyelifunga jitu lile katika gazeti.

Na Martin Luther mwenyewe je? Mwaka 1530, wenziwe walipokuwa Augsburg wakiungama imani mbele ya Kaisari, yeye alikaa katika ngome ya Coburg, maana hakuwa na ruhusa ya kufika huko. Huko alipata habari ya kifo cha baba yake. Katika miezi ile ya hofu na msiba aliketi akizitafsiri hadithi za Esopo, za wanyama wasemao, kwa kuwa aliona zafaa kwa vijana na wakubwa. Na mwezi wa Juni alimwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, akamweleza habari za bustani nzuri, ambamo watoto wenye makoti ya dhahabu huokota matunda chini ya miti, na farasi wadogo wana hatamu za dhahabu. Nao waingiao ni watoto wapendao kusali na kujifunza. Farasi wa namna hiyo hawakuwako Wittenberg. Baba aliyekuwa mbali alitafuta njia ya kuufikia moyo wa mtoto wake, na njia aliyoiona ni hiyo.

Nimebaki na kitabu kimoja. Binti alinipa *Rosa Mistika*, alichokitunga Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, kilichotolewa mwaka 1971 na wakati mmoja kikakatazwa shuleni. Akasema, “Hiki, Baba, wakisome akina baba kwanza.” Zakaria amkuta binti yake Rosa na barua ya mvulana, ampiga vikali. Hamwulizi neno, hamfundishi neno. Rosa aondoka nyumbani kwenda shule akiwaogopa wanaume, asijue lolote juu yao, na mwisho wake ni mauti. Mna mambo mle ambayo sitayasoma mbele ya watoto wa kipaimara. Tena viko vitabu vingine vilivyo vichafu tu, navyo mkivikuta msiwe na shaka, vitupeni. Lakini kile kilinikamata, kwa sababu nami nina binti nyumbani, mwenye miaka kumi na sita, na niingiapo chumbani huigeuza simu yake kifudifudi.

Baraza liliketi siku ya Ijumaa. Nalitubu mbele ya wazee kwa mahubiri yale, kisha nikawasomea hadithi ya Yothamu. Wawili walitaka bado binti aondolewe. Wengine walikubali aendelee, naye afundisha hata sasa. Mzee aliyekileta kitabu hakusema neno; lakini tulipotoka alinivuta kando, akaniuliza wale manyani walipata kuwa watu tena au la. Nalimwazima. Ninyi waalimu wa Injili mlioko vijijini, mkiletewa kitabu cha namna hii, kisomeni kwanza, kisha mwiteni mwenyewe, mwulize amepata nini ndani yake, mkamsikilize mpaka amalize.

Juma lililopita nalimwuliza binti yangu asoma nini. Alinitajia jina la hadithi, lakini simu hakunipa. Nikamwambia, basi nisimulie. Alinitazama kwanza, kama mtu apimaye kina cha maji kwa mguu. Kisha akaketi, akanisimulia nusu.