Lia kwa Mungu, Weka Risiti

Andiko la msingi: Nehemia 5:1-13. Soma pia Walawi 14:33-45 na Luka 18:1-8.

 

Wiki hii nataka tuongee juu ya jambo ambalo hatulisemi sana madhabahuni, lakini ikifika tarehe tano ya mwezi kila mtu analijua: nyumba ya kupanga. Wengi wenu mnaishi katika nyumba za umma, zile za kaunti na za mashirika ya serikali. Wengine mko kwa ploti za watu binafsi. Kwenye kikapu cha maombi nimesoma karatasi nyingi za namna hii: "Mchungaji, niombee, nimeongezewa pesa ya maji na mfereji hauna maji." Tunaomba, na ni vizuri. Lakini kuna mafundisho yametuzunguka, ati mtu aliyeokoka halalamiki, analipa tu na kunyamaza. Je, ndivyo Biblia inavyosema?

Fungua Nehemia 5. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, kazi ni ya Mungu, kila mtu amebeba jiwe. Katikati ya kazi hiyo takatifu kilio kikubwa kinasikika. Hawalii kwa sababu ya adui aliye nje. Wanalia juu ya ndugu zao wenyewe, waliowabana kwa madeni mpaka mashamba na nyumba zikaondoka mikononi mwao. Na Biblia inataja kwamba wake zao pia walilia. Mama ndiye anajua sufuria iko tupu, ndiye anajua ukuta unaotoa maji. Mama akilalamika juu ya nyumba, msikilize.

Nehemia hakuwaambia, "Nyamazeni, mnachelewesha ujenzi wa nyumba ya Bwana." Alikasirika. Lakini tazama utaratibu wake. Kwanza alitafakari moyoni. Halafu akawakabili wakuu ana kwa ana. Halafu akaitisha mkutano mkubwa. Hakutukana mtu, hakuchoma kitu. Na alipodai, alitaja hesabu: rudisheni mashamba, rudisheni nyumba, rudisheni na ile sehemu moja ya mia mnayotoza. Sehemu ya mia! Mtu wa Mungu hakusema, "Hiyo ni kidogo, wacha iende." Kidogo kinachochukuliwa bila haki kila mwezi si kidogo mbele za Mungu. Mwambie jirani yako: Mungu anahesabu!

Mimi pia ni mpangaji, kwa hivyo siongei kama mtu wa kusikia. Katika mtaa wetu tuko nyumba 64. Mwaka jana bili zikaanza kuja na mstari mpya umeandikwa "huduma", shilingi 300. Huduma gani? Lori la taka halikuja. Mtaro wa maji taka uliziba, watoto wakawa wanaruka matope wakienda shule. Mara 300 kwa nyumba 64 ni 19,200 kila mwezi. Kwa mwaka ni 230,400. Hizo ni karo, hizo ni dawa, hizo ni mtaji wa mama mboga.

Nyumba ya chini kabisa anaishi dada mmoja na mtoto mdogo. Ukuta wa chumba cha kulala umeota ukungu mweusi, na mtoto anakohoa usiku kucha. Alipoenda ofisini akaambiwa afungue dirisha.

Wapendwa, someni Walawi 14. Watu wengi huruka kile kitabu, lakini Mungu aliweka ndani yake sheria ya ukuta ulioota pigo. Mwenye nyumba akiona alama, ni lazima atoe habari kwa kuhani. Kuhani hasemi "fungua dirisha". Anakuja mwenyewe, anatazama. Vyombo vinatolewa, nyumba inafungwa siku saba, kisha kuhani anarudi kukagua. Ikiwa pigo limeenea, mawe yanang'olewa, ukuta unakwanguliwa, plasta mpya inapakwa. Likirudi tena, nyumba inabomolewa. Mungu wetu anajali ukuta wa chumba cha kulala! Na katika Kumbukumbu 22:8 anamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo.

Msifikiri haya ni mambo madogo. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 2020, mtoto wa miaka miwili alifariki. Familia yake ilitoka Sudan na ilikuwa imepanga nyumba ya shirika la makazi ya jamii. Baba yake alikuwa amelalamika juu ya ukungu tangu 2017. Mwaka 2022 afisa anayechunguza vifo alithibitisha kwamba ni ule ukungu uliomletea mtoto ugonjwa wa kifua uliomuua. Wazazi hawakunyamaza hata baada ya msiba, na mwaka 2023 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba wa aina hiyo kushughulikia ukungu kwa muda uliowekwa. Inaitwa kwa jina la yule mtoto. Lakini sheria ilikuja wakati mtoto ameshazikwa. Sisi tusingoje jeneza ndipo tuandike barua.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, na Warumi 13? Si tumeambiwa tutii mamlaka? Amina, tutii. Lakini soma mpaka mstari wa saba: mlipeni kila mtu haki yake. Haki yake! Kodi ya nyumba ikiwa halali, lipa, na ulipe kwa wakati. Usiunganishe maji usiku kienyeji halafu Jumapili uje kunena kwa lugha. Lakini kutii si kulipia lori ambalo halijaja. Paulo alipochapwa kule Filipi bila kuhukumiwa, hakutoka gerezani kimyakimya. Alitaja uraia wake, akawataka wakubwa waje wenyewe kuwatoa (Matendo 16:37). Paulo alikuwa amejazwa Roho, na alijua haki yake.

Na sisi tunayo haki. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma imjibu ndani ya siku 21. Ukiuliza kwa maandishi, "Hii shilingi 300 ni ya nini?", wewe si mkorofi. Wakinyamaza, iko Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo.

Sisi tulifanya hivyo. Tulikusanya risiti na jumbe za M-Pesa, tukapiga picha za mtaro na ukuta, tukaandika barua moja. Nyumba 41 zilitia sahihi. Nyumba 23 ziliogopa, na siwalaumu, kwa sababu mmoja wetu alitishiwa kupewa notisi ya kuhama. Tulipeleka barua watu watano, tukaomba igongwe muhuri kwenye nakala yetu, tukashukuru, tukatoka. Leo ule mstari wa "huduma" umeondolewa kwenye bili. Mtaro umezibuliwa. Pesa za nyuma hazijarudi, na ukuta wa yule dada bado haujaguswa. Kwa hivyo hatujamaliza. Yule mjane wa Luka 18 hakwenda kwa hakimu mara moja. Alienda, akaenda, akaenda tena. Na Bwana Yesu alimtaja alipokuwa akitufundisha kuomba bila kukata tamaa.

Sasa neno kwa wenye nyumba, maana mko humu kanisani na ninawapenda. Wakuu wa Nehemia 5 waliposikia kosa lao, hawakujitetea. Walisema, "Tutarudisha," wakaapa mbele ya makuhani. Kama unatoza kitu usichotoa, rudisha. Kama unashikilia diposti ya mtu aliyehama salama, mrudishie. Fungu la kumi la pesa ya namna hiyo halimfurahishi Mungu.

Wiki hii fanya mambo matatu. Kwanza, omba, na umtaje kwa jina msimamizi wa nyumba yenu, si kwa laana bali kwa baraka. Pili, weka risiti zote kwenye bahasha moja. Tatu, mtembelee jirani anayeogopa, umwambie hayuko peke yake. Jumamosi saa tisa mchana tutakutana hapa kanisani. Walioenda shule na wajuao kuandika barua, njooni muwasaidie wengine. Hiyo nayo ni huduma.

Tuombe. Baba, wewe ulisikia kilio cha Israeli kule Misri na ukashuka. Sikia kilio cha wapangaji wako. Tupe ujasiri bila matusi, na subira bila woga. Linda kifua cha kila mtoto anayelala karibu na ukuta wenye maji. Walegeze mioyo wenye mamlaka juu ya nyumba zetu, na utufanye sisi waaminifu katika kila tunachodaiwa. Katika jina la Yesu. Amina.