Mafuta Hayo Si ya Karai

Mwanangu, hebu keti. Magoti yangu yamechoka kusimama, na neno hili nimelisema hapa Kipevu hata sauti imekwisha. Jana nilikuona ukimimina mafuta ya lile dumu kwenye karai la viazi. Manjano iliyofifia, na kwa mbali harufu kama ya mafuta taa. Harufu ile naijua, nimeishi nayo kazini.

Ni mafuta ya transfoma, ndugu wa dizeli. Kazi yake ni kuzuia umeme usiruke kutoka waya hadi waya, na kuzitoa koili joto. Yakiingiwa na maji kidogo tu, huharibika. Kwenye transfoma kubwa tulikuwa na kikombe cha kioo chenye punje za buluu za kunyonya unyevu. Zikigeuka waridi, twazibadilisha. Hivyo ndivyo tulivyoyatunza.

Muuzaji amekwambia hayaishi upesi karaini. Ni kweli. Yametengenezwa yavumilie joto miaka na miaka ndani ya chuma. Tumbo la mtoto wa shule halikufikiriwa.

Na transfoma kuukuu huenda ikawa na sumu iitwayo PCB. Hiyo huioni, huinusi, na moto wako hauiondoi. Mwaka 1968, huko Japani, iliingia katika mafuta ya kupikia ya pumba za mchele. Watu walitokwa na vipele vibaya, na akina mama walioyala wakazaa watoto wenye ngozi iliyopiga weusi. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya imo, ulitaka vifaa vyenye sumu hiyo viwe vimeacha kutumika ifikapo 2025.

Tena, mwanangu, huyo mwenye dumu hakuyachimba. Kuna kijana alipanda nguzo usiku akafungua koki, na wengine wa rika lako hawakushuka wazima. Transfoma ikikauka, koili huungua. Mitambo ya umeme ya Kipevu iko papa hapa, nasi twawasha koroboi, na chanjo za watoto zaharibika ndani ya friji. Wewe ukinunua, atapanda tena.

Sikukuja kukuaibisha. Najua lita moja ya mafuta ya kupikia ni bei gani sasa. Lakini yaliyobaki usiyamwage mtaroni, maji yale yanashukia baharini kwa wavuvi. Lifunge dumu vizuri. Kesho tulipeleke ofisi ya umeme, nitatangulia kusema mimi. Viazi vya leo usimuuzie mtu. Nitakununulia lita tano, unilipe pole pole.