Kamera Ukutani, Jirani Upande wa Pili



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), Mwenye kusikia na kuona kila kitu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada, wengi wetu tumepanga vyumba katika mitaa inayozunguka chuo, Kikoni, Wandegeya na kwingineko hapa Kampala, ambako ukuta mmoja hugawa nyua mbili. Tuseme jirani wa upande wa pili ana mbwa wawili. Saa nne usiku anawafungulia, nao wanabweka mpaka karibu na adhana ya Alfajiri. Upande huu kuna mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi. Amechoka kulalamika kwa maneno, maana kila akisema anaambiwa anatia chumvi. Basi ananunua kamera ndogo ya ulinzi inayounganishwa na simu, anaibandika dirishani ikitazama ua wa jirani, na baada ya siku tatu anapeleka video kwa mwenyekiti wa LC1, au anairusha kwenye kundi la WhatsApp la hosteli. Je, huu ni ushahidi halali mbele ya Allah?

Tuanze na sauti yenyewe. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tukisikia mbwa wakibweka usiku tujikinge kwa Allah, kwa sababu wanyama hao huona tusiyoyaona sisi. Kwa hiyo kabla ya kutafuta simu, kuna dua. Na tusichanganye hukumu. Kuosha mara saba chombo alichokiramba mbwa ni suala la tohara, na halimfanyi mbwa kuwa adui wa kupigwa mawe wala kutegewa sumu. Katika Bukhari na Muslim tunasoma habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, na Allah akamsamehe dhambi zake kwa tendo hilo. Ama kumfuga, ruhusa imekuja kwa ajili ya kuwinda, mifugo na shamba, na Imam Nawawi ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba ulinzi wa nyumba unaingia humo kwa kiasi. Jirani anayefuga mbwa kwa kuogopa wezi, basi, ana sababu yake. Lakini sababu hiyo haimpi haki ya kuwanyima wengine usingizi.

Hapo ndipo haki ya jirani inapoingia, nayo inakwenda pande zote mbili. Mtume (s.a.w.) aliapa kwamba hajaamini mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Hadithi hiyo inamgusa mwenye mbwa. Inamgusa pia mwenye kamera. Wala tusiseme jirani yetu si Mwislamu, hivyo haimhusu. Abdullah bin Amr (r.a.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa sehemu yake, akakumbusha namna Jibril alivyomuusia Mtume juu ya jirani hata akadhani atamrithisha.

Sasa turudi kwenye kamera. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Allah ametukataza kupelelezana. Wapo watakaosema: mimi simpelelezi mtu, natafuta haki yangu. Jibu lake limo katika habari ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), iliyopokewa na Abu Dawud. Aliletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zinadondoka pombe, akajibu kwamba tumekatazwa kupeleleza, lakini jambo likitudhihirikia tutalichukulia hatua. Shikeni mpaka huo. Sauti ya mbwa imevuka ukuta yenyewe na kukufuata kitandani. Ukiirekodi ukiwa chumbani mwako, pamoja na saa ilipoanza na ilipokoma, umechukua kilichokujia. Jicho la kamera uliloligeuza kuangalia ua wa watu ni jambo jingine. Hilo umelituma wewe.

Nalo halitachagua. Utatafuta dakika kumi za mbwa, litakuletea siku tatu za maisha ya watu: mama anayeanika nguo akiwa bila mtandio ndani ya ua wake, watoto wanaooga bombani, mume na mke wanaogombana, mgeni aliyekuja kukopa pesa. Sahl bin Sa'd (r.a.) ameeleza kuwa mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.), naye Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi. Akamwambia kwamba lau angejua anachungulia angemchoma nacho jichoni, kwani kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya macho. Anayebisha hodi mlangoni kisha akaacha kamera ichungulie juu ya ukuta ametimiza adabu ya mlango tu.

Pili, ushahidi lazima uwe wa kweli, na kamera ina udhaifu ambao mwenye dai hapendi kuutaja. Kamera nyingi za nyumbani huanza kurekodi zinapohisi mwendo. Mara nyingi video inaanzia pale mbwa anaporuka, huku mtoto aliyerusha jiwe dakika moja nyuma hayumo. Maikrofoni nyingi hujirekebisha zenyewe, zikikuza sauti ndogo na kupunguza kubwa, kwa hiyo video haithibitishi mbweko ulikuwa mkubwa kiasi gani ulipokufikia. Saa ya kamera isiyorekebishwa inaweza kukosea. Allah ametuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua (Hujurat, aya ya 6), na kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu (Nisaa, aya ya 135). Ukikata kipande kinachokufaa na kuficha kinachomtetea jirani, umetoa ushahidi wa uongo kwa kutumia picha za kweli.

Tena jiulize: video ikionyesha mbwa amefungwa juani kutwa nzima bila maji, utafanya nini? Utaipeleka tu kama ushahidi wa kelele, au utakumbuka yule mtu wa kisimani?

Tatu, sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Ibara ya 27 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inalinda faragha ya mtu na nyumba yake, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha. Kwingine majirani wameshafikishana mahakamani. Oktoba 2021, mahakama ya Oxford, Uingereza, iliamua kesi ya jirani aliyelalamikia kamera zilizofungwa nyumba ya pili yake. Mlalamikaji alishinda, na hakimu aliona tatizo la sauti ni kubwa kuliko la picha, kwa kuwa maikrofoni zilinasa mazungumzo mbali kupita mahitaji ya ulinzi wa nyumba.

Basi mwenye kudhurika afanyeje? Uislamu haukumwambia avumilie mpaka afe. Katika Abu Dawud, mtu alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akimshtaki jirani yake. Akaambiwa akasubiri. Alirudi mara mbili au tatu, ndipo akaambiwa akatoe vyombo vyake akaviweke njiani. Wapita njia wakamuuliza kulikoni, akawaeleza, nao wakawa wanamlaani yule jirani, mpaka jirani mwenyewe akaja akamwomba arudi ndani, akiahidi kwamba hatamuudhi tena. Wengine wataitumia hadithi hii kuhalalisha kurusha video mtandaoni. Lakini tazameni vizuri: alianza kwa subira, na alipofika hatua ya mwisho alitoa nje vyombo vyake mwenyewe. Hakuingia kwa jirani kutoa vya jirani.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu. Nenda mchana, ukiwa umetulia, na usiende mikono mitupu. Hata ndizi chache zinafungua mlango. Mweleze una mtihani, wala usimtukane mbwa wake. Andika daftarini tarehe na saa za kelele kwa wiki moja au mbili, pamoja na siku ambazo palikuwa kimya. Mwombe mwenye mbwa aweke kamera yake ndani ya ua wake, au kama anayo atazame kinachowafanya wabweke: pengine ni njaa, pengine ni bodaboda wanaopita, pengine ni taa ya hosteli yetu inayowaka usiku kucha. Hapo kamera inakuwa msaada, kwa kuwa mwenye nyumba anajitazama mwenyewe. Mkishindwa, mleteni mtu mnayemheshimu nyote wawili. Mkishindwa tena, mwenyekiti wa LC1 yupo, na rekodi ya sauti kutoka chumbani mwako pamoja na daftari lako vinatosha kuwa mwanzo wa dai.

Na tulio na kamera za ulinzi kwenye hosteli zetu, tuziinamishe zitazame mlango na ua wetu, tuzime maikrofoni pasipo haja, tufute ya zamani. Jirani akija kuomba picha za usiku fulani ili haki ijulikane, tumpe zinazohusu dai lake, hata kama ndani yake tunaonekana sisi ndio tulioanza.

Mitihani itakwisha na tutahama vyumba hivi. Jirani atabaki pale, na atakachojua juu ya Uislamu huenda kikawa ni yale aliyoyaona kwetu kupitia ukuta ule. Naye Allah ana rekodi isiyokatwa vipande wala kukosea saa.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa majirani wema, tuzuie macho yetu na yasiyo yetu, utupe ulimi laini tunapodai haki na moyo mpana tunapodaiwa. Patanisha baina yetu na majirani zetu, Waislamu na wasio Waislamu, na uwape wanaofanya mitihani utulivu na ufaulu. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.