Kichwa cha Mwanamke na Macho ya Watu

Je, mtu ana wajibu wa kuwaeleza wengine kile wanachokiona mwilini mwake? Swali hili nililetewa na shangazi yangu huko Kamachumu, wilayani Muleba, tulipokusanyika kwa mazishi. Nilifungua kilemba ndani ya nyumba ili nijifunge upya. Alinitazama utosini, akanyamaza kitambo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, unatumia dawa?" Nilielewa ni dawa gani. Nikajibu, "Hapana, shangazi, ni umri tu." Hakuniamini, wala sikumlaumu.

Macho yale yalisomeshwa na msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa ya kuuzuia haikuwapo, na watu wa Bukoba na Muleba walijifunza kukitambua kifo kwa dalili zake: mwili uliokonda, nywele zilizolainika na kupukutika. Mzee aliyezika wanawe wawili haisahau elimu hiyo. Lakini je, elimu ya machozi yampa mtu ruhusa ya kusoma kichwa cha mwenziwe kama barua iliyofunguliwa?

Tena barua yenyewe ina maana nyingi. Mwanamke akaribiapo kukoma hedhi, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka. Muda wa nywele kukua hufupika, unywele mpya huota mwembamba kuliko uliotangulia, na njia ya katikati ya kichwa hupanuka. Upungufu wa madini ya chuma na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kupunguza nywele vilevile. Na mikono yetu imo: misuko iliyokazwa tangu utoto hung'oa nywele za pembeni mwa paji. Iko pia aina ianzayo utosini na kuacha kovu. Shina likishazibwa na kovu halioti tena, hivyo akawiaye kwenda kwa daktari hupoteza kisichorudi. Kwa ile ya umri, dawa ya kupaka iitwayo minoksidili husaidia baadhi ya wanawake, baada ya miezi, na faida yake hutoweka ikiachwa.

Wapo wasemao kwamba kilemba na nywele bandia ni uongo. Sikubali. Uongo humnyima mtu ukweli anaostahili kupewa. Nani astahiliye kuuona utosi wangu? Hata hivyo sitara inilindayo na macho ya sokoni yaweza kunificha na macho ya daktari.

Na jibu langu kwa shangazi lanisumbua zaidi ya swali lake. Lilikuwa la kweli, ila haraka yake ilikuwa na aibu ndani yake. Nilijitenga na wanaotumia dawa, ambao leo wengi wao wanaishi, wanalima migomba na kuzeeka kama sisi. Kwa nini nilikanusha kana kwamba nimetuhumiwa wizi?

Siku ya tatu, wageni walipopungua, shangazi alifunga mlango, akavua kilemba chake. Utosi wake ulikuwa mtupu kama kiganja. "Tangu miaka ile ya vifo," alisema. "Niliogopa watanihesabu."

Nikamsaidia kukifunga tena.